Gurudumu la Nyuma Kwanza: Kuiandaa Baiskeli Kuukuu ya Chuma kwa Safari Ndefu

Ndugu Mwenyekiti, mafundi mliofika, na wasafiri wenzangu wa baiskeli,

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuigeuza baiskeli kuukuu ya milimani, yenye fremu ya chuma, iwe chombo cha kubebea mizigo katika safari ndefu. Baiskeli hizi mnazijua. Zinashushwa kwenye makontena ya mitumba, nyingi zilitengenezwa baina ya katikati ya miaka ya 1980 na katikati ya miaka ya 1990, hazina springi mbele, na magurudumu yake ni ya inchi 26. Sitawachosha kwa sifa za chuma, kwa kuwa aliyekuja hapa jioni hii amekwisha kukubali. Nitagusia namna ya kuichagua, kisha nitaingia katika jambo ambalo nimelisema kila nilipopewa nafasi na ambalo bado halifuatwi.

Unapokwenda kwa muuza mitumba, tia sumaku ndogo mfukoni. Ikinasa kwenye fremu, hicho ni chuma; isiponasa, hiyo ni aluminiamu, nayo sio tunayoizungumzia leo. Pitisha kidole chini ya bomba linaloshuka kutoka kwenye usukani kwenda kwenye pedali, na ukikuta limejikunja kidogo au rangi imefanya mikunjo, jua baiskeli hiyo iligonga kitu uso kwa uso, wala bei isikushawishi. Hakikisha nguzo ya kiti inapanda na kushuka, maana iliyogandamana na bomba huweza kukupotezea siku nzima. Tazama pia kama karibu na ekseli ya nyuma kuna matundu ya kufungia keria. Na kama fremu ina ufa unaotaka kuzibwa, mwambie fundi atumie gesi na shaba, asitumie mashine ya umeme ya stiki, kwa sababu mabomba ya fremu nzuri katikati huwa na unene usiofika hata milimita moja, na stiki huyatoboa.

Sasa nije kwenye gurudumu la nyuma.

Kila msafiri mpya anayekuja kwangu huwa amekwisha kununua mabegi, taa, kibano cha simu na tandiko jipya, naye hudhani kazi imebaki kupaka rangi. Nikimuuliza habari za gurudumu la nyuma, hunijibu kwamba fundi amelinyoosha. Jibu hilo linanikera, na nitaeleza sababu. Kunyooka na kuwa imara ni mambo mawili tofauti. Fundi akilizungusha gurudumu na kuona ringi haiyumbi, huridhika. Lakini ringi inaweza kunyooka kabisa ilhali spoku moja imekazwa kupita kiasi na jirani yake imelegea, kila moja ikifidia kasoro ya mwenzake. Gurudumu la namna hiyo litakwenda vizuri mjini. Likitwikwa mizigo na maji ya kutwa nzima, litaanza kukata spoku.

Spoku haikatiki kwa sababu mzigo umeizidi nguvu siku hiyo. Hukatika kwa uchovu. Kila gurudumu linapozunguka, spoku iliyo chini hulegea kidogo na kukaza tena, na gurudumu la inchi 26 lenye tairi ya wastani huzunguka karibu mara 490 katika kila kilomita. Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya, safari ya zaidi ya kilomita 800, ni kama mizunguko laki nne. Spoku iliyokazwa vizuri hustahimili mabadiliko hayo. Iliyolegea hucheza ndani ya tundu lake, hujipinda palepale kwenye kiwiko chake penye habu, yaani kitovu cha gurudumu, na hapo ndipo inapokatikia. Kwa hiyo anayelegeza spoku ili gurudumu liwe laini barabarani analiua gurudumu lake.

Najua kuna mzee hapa atakayeniuliza mbona wabeba mkaa wanapakia magunia kwenye baiskeli za Phoenix na magurudumu yao hayana taabu hii. Swali ni la haki, na jibu lake ndilo linalothibitisha hoja yangu. Gurudumu la nyuma la Phoenix kwa kawaida lina spoku 40, wakati letu lina 36 au 32. Tena Phoenix ina duara moja tu la meno nyuma, hivyo spoku za kushoto na za kulia huinama karibu sawa na kugawana kazi. Baiskeli ya gia ina rundo la maduara ya meno upande wa kulia, ambalo huusukuma ukingo wa kulia wa habu kuelekea kushoto. Spoku za kulia husimama wima na kulazimika kukazwa sana, na za kushoto hubaki na mkazo mdogo. Isitoshe, wabeba mkaa wenyewe huongeza vyuma vya kuimarisha uma wa mbele. Watu hao hawakuachia bahati.

Nini kifanyike? Ondoa spoku zote za zamani na ufunge mpya za chuma kisichoshika kutu, kwenye ringi ya aluminiamu yenye matundu 36 ukiipata. Ringi ya chuma yenye kromu ni nzito, na breki zake hazishiki mvua ikinyesha. Kila spoku ipishane na wenzake watatu. Ukishakaza, piga kila moja kwa ukucha na usikilize: za upande mmoja zinapaswa kutoa sauti moja, na yenye sauti nzito imelegea. Kisha vaa glavu, zishike spoku mbilimbili zinazokwenda sambamba, uzibane kwa nguvu za mkono gurudumu zima, ndipo unyooshe tena. Hatua hii ya kubana mafundi wengi huiruka, na ndiyo inayozikalisha spoku mahali pake. Na kwa kuwa za kulia zikikatika hazitoki bila kufungua rundo la meno, beba kifaa cha kulifungulia. Spoku za akiba bila kifaa hicho hazitakusaidia.

Ukiwa hapo, kagua habu. Ile ya friwili, ambayo rundo lake la meno hufungwa kwa kuzungushwa kwenye nyuzi za habu, huweka gololi za kulia mbali na mwisho wa ekseli, na ekseli hupinda au kukatika. Ya kaseti, ambayo rundo lake huchomekwa juu ya habu yenyewe, imelisogeza tegemeo hilo nje. Ikiwa habu yako mpya ina upana wa milimita 135 na nafasi yake kwenye fremu ni 130, fremu ya chuma hupanuliwa kidogo bila madhara.

Mwenyekiti ananionyesha saa, nami nilikuwa na mengi ya kusema juu ya usukani na keria. Nitayaacha. Ila breki siziachi: mpira uliokauka kwa miaka thelathini utupwe, na ukifunga breki za aina ya V, badilisha pia mikono ya breki iliyo kwenye usukani, kwa sababu ile ya zamani haivuti waya wa kutosha. Kuhusu gia, meno 28 mbele na 28 nyuma husogeza baiskeli mita mbili kwa kila mzunguko wa pedali, na hiyo ni nzito mno kwa kupanda Kitonga au kutoka Mombo kwenda Lushoto ukiwa na mizigo. Tafuta 22 mbele na 34 nyuma, upate mita 1.3. Tairi ziwe za inchi 26 zenye kipenyo cha ndani, pale zinapokaa kwenye ringi, cha milimita 559. Zile zilizoandikwa 26 x 1⅜ ni za 590 na haziingii.

Nimeleta magurudumu mawili ya nyuma, yako mezani. Yote yamenyooka, lakini ni moja tu lililokazwa sawasawa. Njooni mzipige spoku zake, mniambie ni lipi, kisha tuanze maswali.