Uchovu baada ya saratani: tuuulize kwa namba

Haya jamani, habari za asubuhi, waliokaa nyuma sogeeni kidogo maana kipaza sauti kinakatakata. Wengi hapa mmetibiwa hospitali ya Bugando hapa Mwanza, wengine mmefika mpaka hospitali ya saratani ya Ocean Road kule Dar, na manesi nawaona, asanteni kwa kuja.

Naanza na kitu kinachoniuma. Mtu kamaliza kemo, zile dawa za saratani, siku nyingi, anakuja kliniki, anaulizwa "mama unaendeleaje", anajibu "namshukuru Mungu", basi kwenye faili inaandikwa anaendelea vizuri. Huyo mama hajadanganya, ameitikia salamu! Lakini akifika nyumbani Igombe anageuza dagaa kwenye kichanja upande mmoja tu halafu anakaa chini, mikono haina nguvu, na usiku alilala vizuri kabisa. Uchovu wa saratani ndo ulivyo, usingizi hauuondoi, haulingani na kazi uliyofanya na unaweza kudumu miaka baada ya matibabu kuisha. Majirani wanasema amekuwa mvivu. Si mvivu jamani.

Sasa dawa ya "namshukuru Mungu" ni namba. Kuna dodoso fupi linaitwa Brief Fatigue Inventory, lilitoka Marekani 1999, maswali 9 tu. Matatu yanauliza uchovu wa sasa hivi, wa kawaida, na ule uliozidi kabisa ndani ya saa 24, na sita yanauliza umekuzuia kiasi gani kwenye shughuli, hali ya moyo, kutembea, kazi, kukaa na watu, kufurahia maisha. Unajibu kuanzia 0 mpaka 10. Ukifika 7 ni mkali. Na hata ukiuliza swali moja tu la 0 mpaka 10, akisema 4 au zaidi usimwache aondoke, tafuta sababu, na sababu nyingine zinatibika: damu kupungua, tezi ya shingo, maumivu, sonona, kutokula vizuri. Na sisi wa kandokando ya ziwa tusisahau kichocho na malaria, hivyo navyo vinachosha mtu na kumaliza damu, kwa hiyo usikimbilie kusema ni saratani tu.

Manesi naomba mnisikilize hapa. Kuna fomu nyingine ya kupima uchovu, FACIT-Fatigue, maswali 13, inauliza siku 7 zilizopita, na yenyewe namba inaenda kinyume, jumla ni 0 mpaka 52 na kubwa ndo nzuri. Ukichanganya hizi mbili kwenye faili moja bila kuandika jina la fomu, aliyezidiwa ataonekana kapona. Andika jina la fomu, andika tarehe, na ziara ijayo tumia ileile.

Mgonjwa asiyesoma msomee, taratibu, ikibidi kwa Kisukuma, ila usimchagulie namba, na mume au binti asijibu kwa niaba yake, akisema "mama yeye ni 3 tu" mwambie asante halafu mgeukie mama mwenyewe.

Kuhusu mazoezi, kuna mtu kaniuliza pale nje: ndiyo, kutembea kidogo kidogo kila siku kunapunguza uchovu huu, tafiti nyingi zimeonyesha hivyo, ila kama damu iko chini sana au saratani imefika kwenye mifupa muone daktari kwanza. Haya, fomu ziko mezani, kila mmoja achukue moja, tujaze pamoja swali la kwanza.