SSD ya nyumbani: angalia mashine yako kabla ya kuangalia namba kwenye boksi

HALIMA: Karibuni tena. Mimi ni Halima, niko na ndugu yangu Odhiambo, na leo ni habari ya SSD, ile diski ya kuhifadhia faili isiyozunguka. Msikilizaji wetu mmoja wa mtaa wa Umoja, Nairobi, ana kompyuta ya mezani ya mtumba, Dell OptiPlex 7010, ile ya mwaka 2012. Watoto wanaitumia kwa masomo. Anasema ukiiwasha, unapika chai, unainywa, na bado inafunguka tu. Amepita duka moja Moi Avenue akaonyeshwa SSD mbili, moja ya kasi ya 550 na nyingine ya 7,000. Wamemshauri achukue ya 7,000. Odhiambo, achukue?

ODHIAMBO: Asichukue, dada. Kwanza haina pa kuingia. Hiyo ya 7,000 ni NVMe, kale kabamba kembamba kanakochomekwa moja kwa moja kwenye madabodi, ile bodi kuu ya ndani, na OptiPlex ya mwaka ule haina slotu yake. Yeye anahitaji SSD ya SATA, ile bapa ya inchi 2.5 yenye kebo mbili, moja ya data na moja ya umeme. SATA inaishia megabaiti kama 550 kwa sekunde, na kwa kazi yake zinatosha kabisa.

HALIMA: Lakini mtu akisikia 550 kwa 7,000, anaona amepunjwa.

ODHIAMBO: Najua, na ndipo pesa za watu zinapopotelea. Sikiliza. Kompyuta ya nyumbani haicheleweshwi na faili moja kubwa. Inacheleweshwa na maelfu ya faili ndogondogo zilizotawanyika. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kijimkono kinachotembea juu yake. Kila faili ikiitwa, kijimkono kisogee, kisha kisubiri sahani ifike pale. Hapo milisekunde kumi hivi zimekwenda. Windows ikiwaka inaita faili namna hiyo maelfu ya mara. SSD haina kitu cha kuzunguka, ni chipu tupu, na faili yoyote inafikiwa kwa sehemu ya kumi ya milisekunde moja, au chini ya hapo. Huo ndio wepesi utakaouona kwa macho yako, na SSD ya SATA tayari inao. Kutoka hapo kwenda NVMe, kwa mtu wa kuandika, Zoom na YouTube, tofauti ni ndogo mno. Anayehariri video kila siku, huyo mwache anunue NVMe.

HALIMA: Na mwenye laptopu?

ODHIAMBO: Aifungue kwanza, au fundi aifungue mbele yake. Usiende dukani ukiwa na jina la laptopu peke yake. Watu husikia M.2 wakadhani ni kasi, kumbe ni umbo tu. Kuna M.2 ya SATA na M.2 ya NVMe, na kwa haraka haraka huwezi kuzitofautisha. Geuza upande wa meno ya dhahabu: NVMe nyingi zina mkato mmoja, za SATA nyingi zina miwili. Nyingi, si zote, kwa hiyo soma na lebo. Halafu kuna urefu. Ukiona 2280, maana yake ni upana wa milimita 22 na urefu wa 80. Laptopu nyingine inataka 2242 au 2230, na tundu la skrubu lisipolingana umerudi mjini bure.

HALIMA: Na hata ikiingia, haimaanishi utapata kasi yote.

ODHIAMBO: Ndiyo. Chukua ThinkPad T480, ambazo hapa mjini ziko nyingi. Pale panapokaa diski, NVMe inapewa njia mbili tu za PCIe, zile zinazopitisha data, badala ya nne, na za kizazi cha tatu. Hapo haivuki megabaiti 2,000 kwa sekunde. Uweke ya 7,000, uweke ya 3,500, zote zitakwenda sawa.

HALIMA: Nimeona pia TLC na QLC, aina za chipu za SSD. Moja inaongeza bei, nyingine inaipunguza.

ODHIAMBO: TLC inaweka biti tatu katika kila seli, yaani kijichumba cha kuhifadhia data ndani ya chipu, na hapo kuna viwango 8 vya umeme vya kutofautisha. QLC inaweka nne, viwango 16. Ndiyo maana QLC ni nafuu, ila inachoka mapema zaidi, na ukiiandikia faili kubwa mfululizo inapungua kasi vibaya. Kama tofauti ya bei si kubwa, chukua TLC. Lakini msiogope sana habari ya kuchoka. Samsung 870 EVO ya terabaiti moja imepewa kiwango cha kuandikwa terabaiti 600. Ukiandika gigabaiti 50 kila siku, na nyumbani ni wachache wanaofika hapo, hiyo ni zaidi ya miaka 30.

HALIMA: Sasa tuje kwa feki. Hili linaniuma, maana anayeumia ni yule aliyejinyima kununua.

ODHIAMBO: Linaniuma hata mimi. Ukiona SSD ya nje ya terabaiti 16 kwa bei ya flashi, ujue ni feki. Ndani wameweka chipu ndogo, labda ya gigabaiti 64, na programu yake imebadilishwa idanganye kompyuta. Unanakili picha, majina ya faili yanaonekana, unaridhika. Ile nafasi ya kweli ikijaa, inaanza kuandika juu ya zile za kwanza. Unakuja kugundua siku unapozihitaji.

HALIMA: Mtu anaijuaje kabla?

ODHIAMBO: Kuna programu ya bure, H2testw. Inajaza diski yote kisha inasoma tena kila ilichoandika. Inachukua muda, lakini haifichwi kitu. Ifanye ikiwa tupu, siku ileile uliyonunua, risiti ikiwa bado mfukoni. Halafu fungua CrystalDiskInfo, programu inayosoma hali ya diski, uangalie saa ilizowashwa na data iliyoandikwa. Umeuziwa kama mpya na ina saa elfu kadhaa? Irudishe. Ila ukinunua ya gigabaiti 480 na Windows ikaonyesha 447, hiyo si wizi. Mtengenezaji anahesabu kwa 1,000, Windows kwa 1,024.

HALIMA: Na stima zetu hizi?

ODHIAMBO: Kwa kompyuta ya mezani, tafuta UPS, ile betri ya akiba, hata ndogo. Stima ikikatika katikati ya kuandika, SSD inaweza kuharibika ramani yake ya ndani, ukawasha isionekane kabisa. Diski ya zamani mara nyingi hupiga kelele kabla ya kufa. SSD inaweza kufa kimya. Na ukifuta faili, kompyuta huiambia SSD isafishe hiyo sehemu, kwa hiyo mara nyingi fundi hana cha kukurudishia.

HALIMA: Huyu wa Umoja, mashine yake ya 2012 inastahili kweli kuwekewa SSD? Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haiitambui rasmi.

ODHIAMBO: Inastahili. Aweke Linux, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, kama Mint, watoto wasome. Akibadilisha kompyuta, SSD ya SATA ataihamishia nyingine yenye nafasi yake. Na diski ya zamani, kama bado nzima, asiitupe. Ainunulie kasha la USB, anakili picha na vyeti vya watoto, kisha aichomoe.