Skrini Haibangui Korosho

(Mhadhara kwa makarani wa vyama vya msingi vya ushirika na watunza ghala, kabla ya msimu wa korosho)

Shikamooni wazee. Vijana, hamjambo? Msishangae hiki kisu hapa mezani wala hii kilo moja ya korosho ghafi. Tutavifikia. Nimeombwa niseme kuhusu ununuzi wa mazao kwa njia ya kompyuta, na nitasema, ila naanzia mbali kidogo.

Sheria ya stakabadhi za ghala, yaani mkulima anaweka zao ghalani, anapewa risiti, na zao linauzwa kwa mnada, ilipitishwa mwaka 2005, na korosho ikaingia kwenye mfumo huo msimu wa 2007, hapa hapa Mtwara. Wengi wenu mnalikumbuka sanduku. Mnunuzi anaandika bei, anaifunga kwenye bahasha, anaitumbukiza. Siku ya mnada bahasha zinafunguliwa moja moja mbele ya wakulima, na mkulima anajibu kwa sauti: tunauza, au hatuuzi. Oktoba 2018 walisema hatuuzi, wakashikilia hapo, mpaka Novemba Serikali ikaamua kununua yenyewe kwa Sh 3,300 kwa kilo na malori ya jeshi yakaja kubeba. Hilo sanduku lilikuwa na uzuri wake, maana kila mtu aliliona. Ubaya wake ni kwamba wanunuzi walikuwa wachache, wanafahamiana, na usiku wa kuamkia mnada wanalala nyumba za wageni zile zile. Mnanielewa.

Msimu wa 2024/25 sanduku likapumzika. Minada ya korosho ikahamia kwenye mfumo wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, na minada ya mwanzo bei ikavuka Sh 4,000. Watu walishangilia kompyuta. Mimi niliwaambia wenzangu, polepole. Mwaka ule korosho ilikuwa adimu Afrika Magharibi, Ivory Coast ikazuia kwa muda kusafirisha ghafi, na viwanda vya Vietnam na India vilikuwa na njaa. Tungeuza kwa sanduku na bado bei ingepanda. Labda isingefika pale, lakini ingepanda. Kilicholetwa na kompyuta ni kwamba mnunuzi hana tena haja ya kupanda gari mpaka Newala ili atoe bei, na bei zinasomwa ukutani kwa projekta badala ya kutoka kwenye bahasha ya mtu. Si jambo dogo.

Sasa sikilizeni neno langu la leo, maana mengine yote yanalizunguka hilo. Aliyekaa mbele ya kompyuta haioni korosho. Anaona karatasi. Loti, yaani fungu la mzigo, namba fulani, ghala fulani, tani kadhaa, unyevu kiasi hiki, ubora kiasi hiki. Ananunua maandishi. Na maandishi hayo yanaandikwa na nani? Nyie.

Jirani zetu wa Mombasa wanalijua hili kwa mdomo, nasema kwa mdomo kweli. Mnada wa chai wa pale ulianzia Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa 1969, ukaendeshwa kwa nyundo na makelele miaka yote hiyo mpaka 2020, korona ilipowafungia watu ndani ukaingia kwenye kompyuta. Lakini kuonja hakukuhamia popote. Kabla ya mnada, sampuli za kila loti hugawiwa kwa wanunuzi. Vikombe vinapangwa mstari mrefu, mwonjaji anapita na kijiko, anavuta chai kwa kishindo, anatema, anasogea. Akifika kwenye skrini tayari ulimi wake umeshapanga bei. Na hata hivyo, mwaka 2021 na miaka iliyofuata, chai ya wakulima wadogo ilipowekewa bei ya chini ya dola 2.43 kwa kilo, marobota yalirundikana maghalani. Mfumo ulikuwa unawaka vizuri tu. Wanunuzi ndio waliokuwa wamekaa kimya.

Wahabeshi nao wana somo lao. Soko lao la bidhaa lilifunguliwa Addis Ababa mwaka 2008, chini ya mchumi Eleni Gabre-Madhin, na kahawa karibu yote ikalazimika kupitia hapo. Ikapewa madaraja, ikachanganywa na ya wengine wa eneo na daraja lile lile, ikauzwa kama mchanga. Kwa mazao kama mahindi hiyo ni sawa kabisa. Lakini kahawa ya eneo linalosifika kama Yirgacheffe? Kuna wachoma kahawa Marekani na Ulaya wanaolipa zaidi wakijua imetoka kituo gani cha kuoshea, na karatasi ya soko haikuwa na mahali pa kuandika hilo. Ilibidi kanuni zilegezwe mwaka 2017. Yaani kile ambacho fomu haina nafasi yake, mnunuzi hakilipii.

Tuje mezani. Kijana, nisogezee mizani. Mnunuzi wa korosho anachouliza kwanza ni kiasi cha korosho iliyobanguliwa kitakachotoka kwenye gunia la kilo 80, na dunia nzima bado wanakihesabu kwa paundi, ya uzito, si ya fedha. Unachukua sampuli ya kilo moja, unabangua zote. Safi unazipima kama zilivyo. Zenye madoa au zilizosinyaa unazihesabu nusu. Zilizooza unatupa. Ukipata gramu 272 kwa kilo, hiyo ni paundi 48 kwa gunia. Ukipata 255, ni 45. Tofauti ni gramu 17. Haijazi kiganja! Lakini kwa mnunuzi wa Kollam kule India au Ho Chi Minh City kule Vietnam, paundi tatu kwa gunia zinaamua kama anaongeza bei au anafunga kompyuta akale chakula.

Na gramu hizo zinapotelea wapi? Kwenye kuchota sampuli gunia la mlangoni tu kwa sababu la katikati liko mbali na jua ni kali. Kwenye korosho iliyoanikwa siku moja badala ya tatu. Niliwahi kukaa kutwa nzima kwenye chama kimoja, sikitaji, nikiangalia mizani. Bibi mmoja alileta kiroba chake, karani akasoma 41, akaandika 40. Nikamuuliza, mwanangu, ile moja? Akasema, "Ya unyaufu, mzee." Unyaufu, yaani uzito unaopotea korosho ikikauka, ukatwe kwa kanuni na uandikwe, sikatai. Ila ule wa kichwani mwa karani hauna safu kwenye mfumo wowote. Bibi yule alipouza kwa kangomba, yaani kwa walanguzi wa nje ya mfumo, alipunjwa kwa bakuli. Siku ile alipunjwa kwa kalamu, na kompyuta ikaipokea 40 kwa heshima zote.

Malipo nitayapita haraka, maana mnayajua kuliko mimi. Fedha ikishaingia kwenye akaunti ya mkulima, mpeni mjengeko wa bei uliochapishwa, kila kato na jina lake, naye apeleke nyumbani akasomewe na mjukuu. Ujumbe wa simu unaotaja jumla tu haumtoshi.

Haya, tumeongea vya kutosha na wengine mnasinzia. Kilo ndiyo hii, nimeichota mwenyewe asubuhi: gunia la juu, la katikati, na la chini kabisa. Utomvu wa ganda unababua, kwa hiyo pakeni majivu mikononi kwanza, yapo kwenye ile sufuria. Mama wa pale nyuma uliyesema kwenu inatoka paundi 50 kila mwaka, njoo uanze wewe.