Jinsi ya Kuutambua Uyoga wa Mchwa katika Msitu wa Miombo

Ndugu watazamaji, karibuni. Leo tumo katika msitu wa miombo, siku chache baada ya mvua kubwa za mwanzo wa msimu, na nitawaonesha namna ya kuutambua uyoga wa mchwa, ambao wataalamu huuita Termitomyces. Nimebeba kikapu, kisu na sepetu ndogo, na sepetu ndiyo ninayoithamini zaidi, kwa sababu ushahidi mkubwa wa uyoga huu umefukiwa ardhini.

Kwanza, tazameni mahali ulipoota. Mchwa huukuza ndani ya viota vyao, juu ya masega waliyoyajenga kwa majani na miti waliyoitafuna, na uyoga nao huwalainishia chakula hicho. Kwa hiyo utafuteni juu ya kichuguu au kando yake, ingawa huweza kuota hata penye ardhi tambarare, kwani viota vingine hujificha chini bila dalili yoyote.

Pili, chunguzeni kofia. Katikati ina ncha ngumu, ambayo ndiyo iliyoutoboa udongo wakati uyoga ulipokuwa ukipanda. Mkiugeuza mtaona vipande vyembamba vilivyopangana kama kurasa za kitabu; ni vyeupe, huelekea waridi hafifu uyoga unapokomaa, wala havikushikana na shina.

Hatua ya tatu haitaki haraka. Msiukate usawa wa ardhi, bali chimbeni taratibu kulizunguka shina. Mnaona hapa: shina linaendelea chini kama mzizi mrefu, likipungua unene hadi kwenye sega la mchwa. (Ipo aina moja ndogo sana, inayoota kwa mamia pamoja, ambayo haina mzizi huu.) Sasa ulinganisheni na huu mwingine, niliouchimba chini ya mti, hatua chache kutoka hapa. Kwa juu nao ni mweupe na unapendeza, lakini kitako chake kimevimba na kimekaa ndani ya kifuko kinachofanana na ganda la yai lililopasuka. Hiyo ni alama ya jamii ya Amanita, ambamo zimo aina zinazoua kwa kuharibu ini, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemshwa wala kukaushwa. Anayekata kwa kisu juu juu hukiacha kifuko hicho udongoni, akabeba nyumbani kofia tu.

Mwisho, mkifika nyumbani, lazeni kofia kifudifudi juu ya karatasi, nusu nyeupe na nusu nyeusi, kisha ifunikeni kwa bakuli hadi asubuhi. Uyoga wa mchwa huacha unga wa waridi hafifu, Amanita huacha mweupe, na uyoga mmoja mkubwa wa majanini, unaotapisha na kuharisha vibaya, huacha wa kijani. Hata unga ukiwa wa waridi, kama ni mara yenu ya kwanza, mpelekeeni uyoga mzima pamoja na mzizi wake mchumaji mzoefu wa eneo hilo auone kabla haujaingia chunguni.