Upaushaji Unavyobadilisha Uso wa Nyuzi za Mbao

Mabibi na mabwana, rojo la mbao likishapaushwa wengi hupima weupe wakaridhika. Naomba leo tuutazame uso wa unyuzi, kwani hapo ndipo nyuzi zinaposhikana kuwa karatasi, na hapo ndipo wanga na gundi vinaponata.

Rojo la krafti, yaani la mbao zilizopikwa kwa kemikali za alkali, likitoka kupikwa hubaki na lignini, ile gundi ya asili ya mbao, kama asilimia 3 hadi 5 ya uzito. Usoni huwa nyingi mara kadhaa zaidi, maana alkali ikipungua mwishoni mwa upishi, sehemu ya lignini iliyokwisha kuyeyuka hurudi na kuganda juu ya nyuzi. Tunaigundua kwa eksirei, tukilinganisha oksijeni na kaboni katika nanomita chache za juu: selulosi safi, yaani kiini cha unyuzi, hutoa uwiano wa 0.83, lignini karibu 0.33. Rojo likiwa jeupe na uwiano bado uko chini, shukuni utomvu wa mbao, ambao nao hushusha uwiano. Osheni sampuli kwa asetoni, mpime tena.

Dioksidi ya klorini, kwenye pH 2 hadi 3, hupasua pete za lignini na kuacha vikundi vya kaboksili, yaani vya asidi vinavyobeba chaji hasi. Hatua ya alkali inayofuata, pH karibu 11, ndiyo huyeyusha mabaki hayo. Mkiosha vibaya katikati, asidi hula alkali, pH hushuka, na lignini iliyovunjika hubaki palepale unyuzini.

Sasa tuje kwenye chaji ya umeme ya nyuzi, ambayo kwangu ndiyo kiini cha mambo. Katika krafti, chaji hasi nyingi hutokana na asidi za zailani, sukari ndefu iliyo pamoja na selulosi, hasa ile ya heksenuroni inayozaliwa wakati wa kupika. Upaushaji huiondoa. Je, nyuzi nyeupe huvimba majini kuliko hapo awali? La, chaji ikipungua huvimba kwa shida zaidi, na wanga wenye chaji chanya hupata pa kushika pachache.

Rojo la kusaga, yaani la mbao zilizosagwa kwa mashine, likipaushwa kwa peroksidi huenda kinyume. Alkali huvunja esta, yaani vifungo vinavyoziba asidi, za pektini iliyomo kwenye mbao, kaboksili huongezeka, nyuzi hushikana vizuri. Hasara yake ni kwamba sehemu ya pektini huingia majini na kumeza polima chanya, yaani molekuli ndefu zenye chaji chanya, kabla hazijafika kwenye nyuzi. Manganizi, metali iliyomo kwenye mbao, nayo huiharibu peroksidi bure. Iondoeni kwanza kwa DTPA, kemikali inayokamata metali, kisha osheni.

Mkipima chaji ya uso, tumieni polima chanya yenye molekuli ndefu isiyoweza kupenya vinyweleo. Kwanza lakini osheni nyuzi kwa asidi hafifu, kisha bikaboneti ya sodiamu, kwa sababu kalsiamu iliyoshikilia kaboksili hupotosha kipimo.