Presha ya Nani Ilishuka?

AKINYI: Karibuni tena. Tuko Kisumu, mvua haijakatika tangu asubuhi, na mwenzangu leo amekuja na jina jipya. Baba Nafula, hujambo?

BARASA: Sijambo, na usianze.

AKINYI: Sijaanza. Waambie mtoto alikuja lini.

BARASA: Alhamisi, saa 11 alfajiri, kilo 3.2. Mama yake anaendelea vizuri. Sasa, nimeandika maswali 5 ya kumuuliza daktari kuhusu epidura, ile sindano ya mgongo ya kupunguza uchungu wa kuzaa. Swali la kwanza...

AKINYI: Kwanza kiti.

BARASA: Kiti hakimo kwenye maswali.

AKINYI: Kiti cha plastiki, cha buluu, na wewe juu yake. Toa hadithi.

BARASA: (anacheka) Haya. Mlango wa kizazi wa mke wangu ulikuwa umefunguka sentimita 5. Akasema anataka ile sindano tuliyozungumzia kliniki. Daktari wa ganzi akaja, akamwekea maji ya mshipani, akapimwa presha. Akaambiwa akae ukingoni mwa kitanda, ainame, mgongo utokeze kama wa paka. Kazi yangu ni kumshika mabega. Anaambiwa asitikisike, na uchungu unamjia kila dakika 3! Wakapaka dawa ya baridi, wakatia ganzi kidogo kwenye ngozi. Halafu ndipo nikaiona yenyewe.

AKINYI: Sindano.

BARASA: Akinyi, ile ni spoki ya baiskeli.

AKINYI: Ukafanyaje?

BARASA: Masikio yakaanza kuimba.

AKINYI: Na presha ya nani ikashuka?

BARASA: Kitaalamu, dawa ile inaweza kushusha presha ya mama, ndiyo maana wanampima kila baada ya dakika chache...

AKINYI: Barasa. Ya nani?

BARASA: Yangu.

AKINYI: (anapiga meza) Asante!

BARASA: Nesi akanishika kwapani mpaka koridoni, akaniketisha, akanipa glukosi. Nageuka hivi, jirani yangu ni mama mkwe. Ametoka Kimilili usiku huo huo. Mama ambaye hata mkono huwa simpi, kwa heshima. Na mimi nimelegea mbele yake, kamasi linatoka.

AKINYI: Alisema nini?

BARASA: Alijifunika leso usoni, akageukia ukuta.

AKINYI: (kicheko kirefu) Ngoja nifute machozi.

BARASA: Lakini niliporudi ndani, ile spoki haikuwepo. Watu wengi wanadhani sindano inabaki mgongoni. Haibaki. Inapitisha mpira mwembamba kama uzi, halafu inatolewa. Mpira unabandikwa kwa plasta mgongoni kote mpaka begani, dawa inaongezwa kupitia huko. Kama dakika 15 hivi, mke wangu akaniuliza kama nimelisha mbwa.

AKINYI: Mimi ile ya mgongo niliisikia kwa dada yangu aliyepasuliwa.

BARASA: Hiyo ya upasuaji mara nyingi ni nyingine. Inachomwa mara moja, inafika haraka, na baada ya saa chache imeisha. Hii inaendelea kuongezwa hadi mtoto atoke. Na si kitu cha jana. Daktari wa jeshi huko Uhispania, Fidel Pagés, aliandika kuihusu mwaka 1921.

AKINYI: Zaidi ya miaka 100. Na mimi wodini niliambiwa nishike chuma cha kitanda.

BARASA: Ndiyo sababu nataka wamama wajue. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2018 kwamba mama mwenye afya akiomba nafuu, hii ni mojawapo ya njia.

AKINYI: Akiomba kwa nani? Mimi nilizalia hospitali ya serikali, nesi 1, vitanda 8, na kwingine tumelala wawili wawili. Umesema mwenyewe presha ipimwe kila baada ya dakika chache. Nani apime? Unamwambia mama wa Muhoroni aombe kitu ambacho hakipo, halafu akikikosa ajione amepunjwa.

BARASA: Amepunjwa kweli! Asipoomba, kitakuja lini?

AKINYI: Kabla ya sindano, nipe nesi wa pili. Nipe damu kwenye friji.

BARASA: Kwa nini achague? Mwanamume akipasuliwa ngiri hakuna anayemwambia avumilie mpaka manesi waongezwe.

AKINYI: Usinipeleke kwa ngiri. Na kuna jingine. Nilizaa Trevor bila chochote, na kuna kitu nilikipata pale. Sitaki mtu wa kiti cha buluu aniambie niliteseka bure.

BARASA: Sijasema bure.

AKINYI: Uso wako umesema.

BARASA: Nilimshika mabega, Akinyi. Nilimsikia akilia, halafu nikamwona ananyamaza. Siwezi kusema haikuwa na maana.

AKINYI: Na mimi siwezi kusema yangu haikuwa nayo.

(kimya)

BARASA: Mama mkwe anasema mgongo wa mke wangu sasa utauma maisha, kwa sababu ya sindano.

AKINYI: Si ndivyo?

BARASA: Mgongo huuma baada ya kuzaa, ukichomwa usichomwe. Kinachotokea kwa wachache, kama 1 kati ya 100, ni kichwa kuuma vibaya siku zinazofuata, hasa ukikaa wima. Na kusukuma kunaweza kuchukua muda zaidi. Hayo yamo kwenye maswali yangu, kwa hiyo swali la kwanza...

AKINYI: Unasikia hiyo? Kwaya ya jirani imeanza mazoezi. Tuna dakika 2 kabla ya ngoma.

BARASA: Moja tu! Uliza mapema, kliniki: daktari wa ganzi yupo usiku, au ni mchana pekee? Kwa sababu uchungu hauangalii saa.

AKINYI: Hilo nakubali. Hayo 4?

BARASA: Ngoma hiyo imeanza.

AKINYI: Basi niambie, kiti kilikuwa na mikono, ama hakina?

BARASA: Zima hiyo mashine.