Kutofungamana Hakukuwa Kunyamaza

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wenzangu na wanafunzi, nawashukuru kwa kunialika tena kuyasema mambo ambayo baadhi yenu mmeyasikia kwangu hadi mmeyachoka. Nitayarudia hata hivyo, kwa sababu kosa ninalolipinga nalo linarudiwa magazetini, redioni na katika kumbi kama hii.

Tarehe 2 Machi 2022 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipigia kura azimio lililoitaka Urusi iondoe majeshi yake Ukraine. Nchi 141 ziliunga mkono, 5 zikapinga, 35 zikajizuia kupiga kura. Kati ya hizo 35, nchi 17 zilikuwa za Afrika, Tanzania, Uganda na Burundi zikiwamo, ilhali Kenya, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ziliunga mkono. Tangu siku hiyo wako wachambuzi wa Ulaya na Marekani wanaodhani kwamba Afrika haina kumbukumbu, ina njaa tu, na hao sitapoteza muda nao. Wanaonikera zaidi ni wa kwetu, wanaojibu kwa fahari kwamba tumesimama palepale alipotuacha Mwalimu Nyerere, katika siasa ya kutofungamana na upande wowote. Wanalitumia jina la enzi ninayoiheshimu kuhalalisha jambo ambalo enzi hiyo haikuwa na desturi ya kulifanya.

Tuchukue kisa cha Wajerumani, ambacho wanafunzi wangu wanakijua vizuri kuliko wanavyopenda. Mara baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya tarehe 12 Januari 1964, serikali ya Mzee Karume ilitambuana na Ujerumani Mashariki, wakati Uingereza na Marekani zikiwa bado zinasitasita hata kuitambua serikali yenyewe. Ubalozi ukafunguliwa Unguja. Ujerumani Magharibi nayo ilikuwa na kanuni iliyobeba jina la Walter Hallstein, kwamba nchi yoyote itakayoitambua Ujerumani Mashariki, isipokuwa Muungano wa Kisovieti wenyewe, itavunjiwa uhusiano. Halikuwa tishio la maneno matupu, kwani Yugoslavia ilivunjiwa mwaka 1957 na Kuba mwaka 1963. Kisha tarehe 26 Aprili 1964 Tanganyika na Zanzibar zikaungana, na nchi moja ikajikuta na Wajerumani wa aina mbili, wa Mashariki wakiwa Unguja na wa Magharibi wakiwa Dar es Salaam, hawa wa pili wakiwa miongoni mwa wafadhili wakubwa wa Tanganyika na walimu wa marubani wa jeshi lake changa.

Bonn, makao makuu ya Ujerumani Magharibi, ilitaka ubalozi wa Unguja ufungwe. Mzee Karume hakuona sababu ya kuwafukuza watu waliomjia mapema. Baada ya miezi mingi ya mvutano, Februari 1965 Mwalimu alitoa uamuzi wa kati: ubalozi wa Unguja uondoke, lakini Ujerumani Mashariki iruhusiwe kuwa na ubalozi mdogo Dar es Salaam bila kutambuliwa rasmi kama dola. Bonn ikaghadhibika, ikawaondoa wakufunzi wake wa kijeshi, na ikadokeza kwamba misaada mingine nayo ingeweza kufuata. Hapo ndipo Mwalimu alipofanya jambo ambalo leo tungeliita wazimu wa kibajeti: aliwaambia Wajerumani Magharibi wachukue na misaada iliyobaki.

Tafadhali litazameni hilo kwa utulivu. Nchi iliyokuwa na umri wa miezi kumi tu tangu iungane, yenye wahandisi na madaktari wa kuhesabika, ilikataa fedha ili isichaguliwe marafiki. Ilikuwa na njia rahisi zaidi, yaani kukaa kimya na kuiacha Zanzibar ifanye yake na Dar es Salaam ifanye yake, kisha kila mgeni aelezwe anachotaka kusikia. Haikufuata njia hiyo. Mwaka 1972 Tanzania iliitambua Ujerumani Mashariki kikamilifu, na mwaka uliofuata Wajerumani wote wawili waliingia Umoja wa Mataifa, Hallstein na kanuni yake wakiwa wamebaki vitabuni. Maghorofa ya Kikwajuni, ambayo Ujerumani Mashariki ilisaidia kuyajenga, yanakaliwa hadi leo na watu ambao wengi wao hawajapata kulisikia jina la Hallstein, na sidhani kama wamepungukiwa na kitu.

Mwezi Desemba mwaka huohuo wa 1965, baada ya Ian Smith kujitangazia uhuru wa walowezi Rhodesia, yaani Zimbabwe ya leo, Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliazimia kwamba wanachama wavunje uhusiano na Uingereza endapo isingeuzima uasi huo kufikia tarehe 15. Siku ilipofika, nchi nyingi zilizopiga makofi Addis Ababa zilikumbuka shughuli nyingine. Tanzania ilivunja uhusiano, na mkopo wa Uingereza wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa.

Mtaniambia, na huwa naambiwa, kwamba mifano yote hiyo ni ya kuwakabili Wamagharibi, kwa hiyo inathibitisha tu kwamba moyo wetu ulikuwa Moscow. Basi tuje Agosti 1968, majeshi ya Kisovieti na washirika wake yalipoingia Czechoslovakia. Wakati huo Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam, na wapigania uhuru wa kusini walitegemea kwa kiasi kikubwa silaha za Kisovieti. Kama kulikuwa na siku ya kuwa na busara ya kujizuia, ilikuwa hiyo. Serikali ya Tanzania iliulaani uvamizi huo waziwazi, na wapigania uhuru waliendelea kupata silaha.

Mtanitajia pia Biafra, eneo la Nigeria lililojitangazia uhuru, kwa sababu hakuna mhadhara wangu uliomalizika bila Biafra kutajwa. Naam, Julai 1964 mjini Cairo Mwalimu alikuwa mstari wa mbele katika azimio la kuheshimu mipaka tuliyorithi, kisha Aprili 1968 akawa kiongozi wa kwanza Afrika kuitambua nchi iliyokuwa ikijitenga. Ni mgongano, na siutetei. Ninachosema ni kwamba aliandika sababu zake na kuzitangaza, akalaumiwa kwa alichokisema, si kwa kujificha.

Sasa kuhusu deni la shukrani, ambalo ndilo hoja yenye uzito katika upande wa pili. Ni kweli kwamba wakati nchi wanachama wa NATO zilipokuwa na Ureno katika jumuiya moja ya kijeshi, Ureno iliyokuwa ikiitawala Msumbiji, wa Mashariki walikuwa wakiwafunza vijana wa FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini na ZAPU ya Rhodesia. Lakini walifunzwa wapi? Wapiganaji wa ANC walipelekwa Odessa. Kituo kingine mashuhuri kilikuwa Perevalnoye, karibu na Simferopol, katika rasi ya Krimea. Maeneo hayo yote yalikuwa ndani ya Jamhuri ya Kisovieti ya Ukraine. Muungano wa Kisovieti ulivunjika mwaka 1991 ukawa nchi 15, na sisi, kwa hesabu ninayoshindwa kuielewa, tukaamua kwamba shukrani yote irithiwe na nchi moja. Mirathi ya namna hiyo kadhi yeyote angeitupilia mbali.

Tofauti ya Kenya na Tanzania katika kura ile inasomeka vizuri zaidi ukiacha kutafuta nani kamfurahisha nani. Kenya ilianza uhuru wake ikipigana vita vya shifta kaskazini mashariki, dhidi ya waliotaka eneo hilo liungane na Somalia. Kwa hiyo balozi wake, Martin Kimani, alipozungumza katika Baraza la Usalama tarehe 21 Februari 2022 kuhusu mipaka iliyochorwa London, Paris na Lisbon, na jinsi Waafrika walivyokubali kuishi nayo badala ya kufuata ndoto za kuwaunganisha ndugu kwa mtutu wa bunduki, alikuwa akisema jambo ambalo Nairobi ililigharimia kwa damu. Tanzania inakumbuka ukombozi, Kenya inakumbuka mpaka. Kumbukumbu zote mbili ni halali, ila ni moja tu iliyosemwa kwa sauti iliyosikika duniani.

Naona Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikusudia kuzungumza kwa kirefu kuhusu TAZARA, reli ya kilomita 1,860 kati ya Tanzania na Zambia yenye shaba, iliyojengwa kwa mkopo wa China usio na riba, ambayo Septemba 2024 Rais Samia na Rais Hichilema walikwenda Beijing kushuhudia kutiwa saini makubaliano ya kuifufua, wakati Marekani ikiisukuma reli ya Lobito upande wa Angola kufuata shaba ileile. Nilikusudia pia mwaka 1981, Marekani ilipompigia Mtanzania Salim Ahmed Salim kura ya turufu katika duru moja baada ya nyingine asiwe Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, miaka kumi baada ya kuonekana akishangilia China ilipopewa kiti chake katika umoja huo. Hayo yatasubiri. Maswali ya Biafra yaanze, lakini anayeuliza anieleze kwanza yeye angepiga kura gani tarehe 2 Machi, na kwa nini.